Kando ya Shimo la Mchuzi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha polisi, eneo la viwanda
Kuhusu: Ajali katika shimo la yadi ya mboji, na malalamiko ya kushambuliwa
Shahidi: Mwanamke, anafahamika kazini na mtaani kwa jina la Mama Fukuto
Umri: Miaka 48
Kazi: Msimamizi wa zamu ya asubuhi, yadi ya mboji
Makazi: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala la mbao
Lugha iliyotumika: Kiswahili
Siku ya kuandikwa: Jumatatu, tarehe 17, asubuhi

Mimi ndiye shahidi niliyetajwa hapo juu. Afande ameniambia niseme niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyafanya kwa mikono yangu, na ambalo sikuliona nisilitie chumvi. Hilo halinipi shida. Ameniambia pia kwamba wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alifika hapa Ijumaa jioni akalalamika kuwa nilimpiga na kumzuia asimwokoe mumewe. La kumzuia ni kweli. La kumpiga nitalieleza likifika mahali pake.

Kwanza nieleze kazi yetu, maana afande alipokuja yadini siku ile alikuwa ameshika pua muda wote, na mtu aliyeshika pua haoni vizuri.

Yadi yetu inapokea mabaki kutoka kwenye biashara. Hoteli zinaleta maganda na masalia ya jikoni, soko kubwa linaleta mboga zilizonyauka, kiwanda cha juisi kinaleta makapi ya matunda, kiwanda cha bia kinaleta machicha, na wauza maua wanaleta yale yaliyokosa wa kuyanunua. Malori yanapimwa kwenye mizani ya getini, kisha yanamwaga kwenye sakafu ya zege. Hapo tunachambua. Tunatoa plastiki, chupa, vijiko vya hoteli, na siku moja tulitoa meno ya bandia ambayo mpaka leo mwenyewe hajayaulizia. Baada ya hapo tunachanganya na maranda ya mbao na kulaza mchanganyiko huo katika matuta marefu yanayomzidi mtu kimo. Chini ya kila tuta kuna mabomba yenye matundu, na feni kubwa inapuliza hewa humo mchana na usiku. Tuta likipata hewa linachemka lenyewe bila kuni, linatoa mvuke, na baada ya miezi kadhaa linakuwa udongo mweusi ambao wakulima wanaukimbilia. Likikosa hewa linaoza vibaya, linanuka, na linatoa hewa ya sumu. Kazi yangu ni kujua fukuto la kila tuta, kama limepungua au limezidi. Jina langu limetokana na hapo, na mimi sioni aibu nalo.

Matuta yanatoa majimaji meusi. Sisi tunayaita mchuzi, ingawa sijamwona aliyeomba aongezwe. Mchuzi unateremka kwa mfereji mpaka kwenye shimo la zege lililo mwisho wa yadi, karibu na ukuta. Shimo lina kina cha watu wawili wakisimama mmoja juu ya bega la mwenzake. Juu lina mfuniko wa chuma, ubavuni lina ngazi ya chuma, na katikati lina kijukwaa ambacho pampu imekalia. Pampu ndiyo inayourudisha mchuzi juu ya matuta yaliyokauka.

Shimo hilo haliingiwi ovyo. Kabla mtu hajashuka, linapulizwa hewa kwanza, anafungwa mkanda wenye kamba, na juu anakuwepo wa kuishika kamba. Mwaka juzi alikuja mwalimu wa usalama akatukalisha siku nzima. Alisema hewa ya mle chini inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi pua inakufa ganzi, husikii harufu yoyote, unadhani pako salama. Alisema neno moja ambalo sijalisahau: shimo kama hili haliui mtu mmoja, linamuua wa kwanza, halafu linawaua waliompenda. Wengine walisinzia. Mimi sikusinzia.

Mtu aliyepatwa na ajali ni mdogo wangu wa kuzaliwa, tumbo moja. Pale yadini anaitwa Bisibisi kwa sababu ni fundi na hiyo bisibisi hulala nayo mfukoni. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya maji moto hotelini. Mimi ndiye niliyemwita yadini tulipofunga feni mpya, na wifi yangu hakufurahi. Alisema mbele ya wakwe, "Niliolewa na fundi wa hoteli, sasa nalala na fundi wa jalala." Watu walicheka, mimi pia nilicheka, ila yeye hakuwa anatania. Baadaye nafasi ya karani wa mizani ilipotokea akaiomba mwenyewe. Nilipomuuliza vipi tena, akasema, "Nimekuja kumwangalia huyo anayeniibia mume kila asubuhi." Tangu hapo tunafanya kazi geti moja. Tunasalimiana. Nisidanganye, si mawifi wa kusukana nywele, lakini hatujawahi kuvunjiana heshima mpaka siku hiyo ya Ijumaa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Ijumaa, saa moja asubuhi niliingia zamu. Nilikuta pampu ya shimo inanguruma bila kuvuta. Matuta mawili ya upande wa ukuta yalikuwa yamekauka na yanahitaji maji. Nilimwita Bisibisi. Aliinua mfuniko, akamulika tochi kutoka juu, akasema, "Dada, kuna mafuta humu. Yameganda kama sabuni, yameziba mdomo wa pampu."

Nilishangaa, kwa sababu mafuta hayaruhusiwi kuingia shimoni. Mafuta machafu ya migahawa, yale yaliyokwisha kukaangia mpaka yakawa meusi, yanaletwa na tangi na yanamwagwa juu ya maranda kidogo kidogo ili yanywewe. Nilimwambia mdogo wangu afunike shimo na asishuke mpaka nimalize kupokea malori mawili ya hoteli yaliyokuwa getini. Baada ya hapo tungeleta bomba la feni tulipulize shimo, ndipo ashuke mimi nikiwa juu na kamba. Aliniambia, "Sawa, Dada. Mimi nitakuwa naandaa spana tu."

Afande ameniuliza kama nilimwamuru kushuka. Sikumwamuru. Nilimkataza, na aliyekuwa karibu akasikia ni mwendesha kijiko, ile mashine ya kuchotea na kugeuzia matuta. Ni mtu mzima anayekaribia kustaafu, tunamwita Mzee wa Kijiko. Anaweza kuulizwa.

Majira ya saa tatu nilikuwa kwenye sakafu ya kupokelea, nikibishana na utingo wa lori la hoteli aliyetaka kumwaga mifuko ya plastiki pamoja na maganda. Nikasikia mtu anaita kutoka upande wa ukuta. Haikuwa sauti ya kawaida. Aliyekuwa anaita ni dereva wa tangi la mafuta, tuliyempa jina la Taratibu, kwa sababu tangu aanze kuja kwetu hajawahi kuonekana akiharakisha jambo. Siku hiyo alikuwa anakimbia. Alisema, "Bisibisi kadondoka shimoni. Hasemi."

Nilikimbia. Mimi si mwepesi, afande ananiona, lakini nilifika.

Mfuniko ulikuwa wazi. Spana moja ilikuwa kwenye ukingo, nyingine haikuwepo. Taratibu alinieleza baadaye kwamba alimwona Bisibisi ameangusha spana, ikatua kwenye kijukwaa, naye akashuka ngazi kidogo ili aiokote. Hakushuka hata mpaka chini. Aliinama, akalegea kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Hilo mimi sikuliona, nalisema kama nilivyoambiwa.

Nilichokiona mimi ni hiki. Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya kijukwaa, mkono mmoja ndani ya mchuzi, uso umegeukia ukutani. Mkanda wa usalama alikuwa ameuvaa. Kamba hakuifunga. Nilimwita kwa jina lake alilopewa na mama, si hili la kazini. Hakujibu. Wala sikusikia harufu yoyote pale ukingoni, na kutosikia huko ndiko kulikonitisha.

Taratibu alikuwa ameshavua viatu. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi. Nilimshika ukosi wa shati nikamrudisha nyuma. Alisema, "Niache, ni mimi. Yale mafuta ni mimi niliyamwaga mferejini jana jioni, kijiko cha kugeuzia maranda kilikuwa na kazi nikaona nitachelewa." Nilimjibu, "Hayo utamwambia afande. Sasa hivi kimbia ukalete bomba la feni ya tuta la kwanza. Ling'oe kama lilivyo." Aliniangalia kama haelewi. Nikamwambia, "Ukishuka humu nitakuwa na watu wawili wa kutoa. Nenda." Akaenda. Nilimpigia kelele Mzee wa Kijiko aje na mashine, naye alikuwa ameshaigeuza, maana aliona watu wanavyokimbia.

Hapo ndipo wifi yangu alipofika.

Alitoka getini mbio, viatu aliviacha njiani. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akaona, akapiga ukelele mmoja, kisha akaanza kushuka. Nilimwambia, "Wifi, usishuke, hewa ni mbaya." Alisema, "Toka." Nilimshika mkono akajivuta. Nilimshika kiuno. Yeye ni mwembamba lakini siku hiyo alikuwa na nguvu za watu wanne. Aliniuma hapa, chini ya kiwiko, na afande ameziona alama za meno na ameziandika. Mguu wake ulikuwa umeanza kuikanyaga ngazi. Nikaona nikiendelea kumvuta kwa adabu tutaingia wote wawili. Nilimpiga mtama. Tukaanguka pamoja juu ya zege, yeye chini mimi juu, na mkono wake ukapinda vibaya. Nilisikia alivyougulia. Sikumwachia. Nilimkalia.

Hili ndilo pigo analolilalamikia. Ni kweli nilimwangusha na ni kweli mkono wake uliteguka kwa sababu yangu. Sikumpiga ngumi, sikumpiga kofi, wala sikumtukana. Yeye alinitukana, na naomba matusi hayo yasiandikwe, kwa sababu yalikuwa ya mke anayemwona mumewe anakufa. Alisema pia, "Muuaji, ndugu yako huyo. Huyo ni ndugu yako." Nilimwambia, "Najua ni ndugu yangu."

Afande ameniuliza nilijisikiaje wakati huo. Nimefikiri niseme nini. Nilikuwa nimekaa juu ya mtu anayelia, nikiutazama mgongo wa mdogo wangu kule chini, nikitafuta kama unapanda na kushuka. Mimi nilimbeba huyo mtoto mgongoni kabla sijaota meno yote ya ukubwani. Hiyo inatosha.

Taratibu alirudi akiliburuta bomba. Ni bomba pana la plastiki ngumu lenye mikunjo, na hewa ilikuwa inatoka kwa kishindo maana hakuizima feni, na kwa hilo namshukuru. Tatizo la bomba hilo ni kwamba likiwa na hewa linarukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Lazima mtu alielekeze na kulikaza hapo ukingoni, la sivyo linapuliza mbinguni. Mimi nilihitaji mikono yangu kwa kazi nyingine na Taratibu nilimhitaji kwenye kamba.

Nilimuinamia wifi yangu sikioni. Nilimwambia, "Nitakuachia. Ukitaka kumfuata, utamfuata na mtazikwa wawili. Ukitaka atoke, lishike bomba hili, uelekeze usoni kwake, usiliache hata nikikwambia nini." Nikamwachia.

Nilikuwa tayari kumdaka tena. Haikuhitajika. Alilala kifudifudi kwenye ukingo, akalikumbatia lile bomba kwa mkono mzima, na ule uliopinda akaubana juu yake, akalielekeza kwa mumewe. Alikuwa akimsemesha chini kwa chini. Sikusikia maneno yake kwa kishindo cha hewa. Nataka hili liandikwe vizuri, kwa sababu nimeambiwa katika malalamiko yake hakulitaja: aliyemrudishia mdogo wangu pumzi ni mkewe. Mimi nilitoa amri tu. Bomba lile linamshinda mwanamume mwenye mikono miwili, yeye alilishika kwa mmoja na nusu na halikuyumba.

Mzee wa Kijiko alisogeza mashine mpaka karibu na ukingo na kulining'iniza lile beleshi lake juu ya shimo. Tulifunga kamba kwenye jino la beleshi. Nilichukua mti mrefu wenye kulabu, huo tunaotumia kuvutia maturubai juu ya matuta, nikaufunga mwisho wa kamba kwenye kulabu yake. Nililala upande wa pili wa shimo, nikaziba pumzi kila nilipoingiza kichwa, nikawa natafuta pete ya mkanda iliyo mgongoni kwake. Mara ya kwanza kulabu iliteleza. Mara ya pili ilishika shati likachanika. Taratibu alikuwa amenishika miguu, na kila nilipotoa kichwa alikuwa akisema, "Taratibu, Mama Fukuto, taratibu." Baadaye ndipo nilipokumbuka jinsi lilivyokuwa jambo la kuchekesha. Wakati ule nilimwambia anyamaze.

Ilipoingia kwenye pete, niliinua mkono. Mzee wa Kijiko amefanya kazi hiyo miaka mingi, nimemwona akivunja ukuta na nimemwona akiokota yai lililoanguka kwenye maranda bila kulipasua. Alimwinua mdogo wangu hivyo hivyo, kama yai. Alitoka akiwa amening'inia, kichwa chini, mchuzi unachuruzika, na rangi ya midomo yake sikuipenda.

Tulimlaza upande upepo unakotoka. Kifua kilikuwa kinapanda kidogo sana. Wifi yangu aliacha bomba, akatambaa mpaka alipo, akampangusa uso na mdomo kwa upindo wa gauni lake. Mimi nilimgeuza kwa ubavu kama mwalimu wa usalama alivyotuonyesha. Mara akakohoa. Akatapika. Akakohoa tena. Sijawahi kusikia kikohozi kizuri namna ile.

Meneja wa yadi alikuwa mjini kwenye mkutano na watu wa hoteli, kwa hiyo hakushuhudia lolote, ingawa amehojiwa mara mbili. Gari la wagonjwa lilichelewa. Tulimpakia Bisibisi kwenye pikapu ya wauza maua iliyokuwa inamwaga mzigo. Wifi yangu alipanda nyuma akamweka kichwa mapajani, katikati ya mashina ya maua yaliyooza. Nilipotaka kupanda akanitazama. Sikupanda. Nilibaki nikafunga shimo, nikamwamuru kila mtu aondoke upande ule, ndipo nikawapigia simu nyinyi. Aliyewaita polisi ni mimi, na simu yangu inaweza kuangaliwa.

Afande ameniuliza kama kuna ugomvi wa siku nyingi kati yangu na wifi yangu, kwa sababu yeye amesema siku zote nilitaka kumrudisha mumewe kwangu mimi dada yake. Nimejibu kwamba maneno ya mawifi yapo kila nyumba, hata hii ya afande nadhani yapo. Nilimwita mdogo wangu yadini kwa sababu ni fundi hodari. Kama ningetaka kumnyang'anya mtu mume, nisingemnyang'anya kwa kumwacha afe kwenye mchuzi.

Ameniuliza pia, kama ningemwacha wifi yangu ashuke, je, asingeweza kumtoa mumewe haraka zaidi? Hapana. Angefika ngazi ya tatu akalegea kama mwenzake. Taratibu angemfuata, kwa sababu yule alikuwa na deni moyoni. Halafu pengine Mzee wa Kijiko. Halafu mimi, maana na mimi ni mtu. Saa tatu na nusu mngekuja kutuchukua wote kwenye mifuko. Nayasema haya sijui mara ya ngapi, na nitayasema mahakamani nikiitwa, mbele ya yeyote.

Kuhusu mafuta, nasema niliyoyasikia kwa Taratibu mwenyewe kando ya shimo kama nilivyoeleza. Ninajua pia kwamba Jumamosi alikuja mwenyewe kituoni hapa bila kuitwa. Alikosea na kosa lake lingeua. Lakini aling'oa bomba lile peke yake, na alinishika miguu. Yote mawili yaandikwe.

Nina ombi. Tangu Ijumaa yadi imefungwa kwa utepe wenu na malori ya hoteli yanarudishwa getini. Hilo nalielewa. Lakini tuta la kwanza halina hewa tangu bomba lake ling'olewe, na matuta mengine hayajageuzwa. Yakikaa hivyo yatazidi moto mpaka yashike cheche, na harufu itawafikia watu wa ng'ambo ya barabara ambao hawana kosa lolote. Naomba Mzee wa Kijiko aruhusiwe kuingia na feni irudishwe, mkitaka askari asimame naye. Afande ameniambia hilo si sehemu ya maelezo. Nimeomba liandikwe hivyo hivyo, na ameandika.

Jana Jumapili saa ya kuona wagonjwa nilikwenda hospitali. Siku mbili za kwanza nilikuwa nakaa kwenye korido, nauliza habari kwa muuguzi na kuondoka. Jana muuguzi alisema, "Anaongea, ingia." Wifi yangu alikuwa kando ya kitanda, mkono umening'inizwa shingoni kwa bandeji. Hakuniambia niingie, hakuniambia nitoke. Nilisimama upande wa miguuni.

Mdogo wangu alinigeuzia uso. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekula mchanga. Alisema, "Dada, pampu imevuta?"

Wifi yangu alicheka. Mimi pia nilicheka, tukacheka wote wawili mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Halafu wifi yangu akaanza kulia, akaufunika uso kwa ule mkono mzima, na mimi nikatoka nje, kwa sababu kulia kule kulikuwa kwao wawili.

Daktari aliniambia mapafu yamechubuka lakini yatapona, na akili yake iko sawasawa. Hakumbuki kushuka. Anakumbuka kuangusha spana, na anakumbuka upepo mwingi usoni, akadhani yuko juu ya lori.

Wifi yangu hajanisemesha mpaka leo, wala hajafuta malalamiko. Sijamwomba ayafute. Mkono ulioteguka ni wake. Anaweza kunichukia kadiri apendavyo, ilimradi anichukie akiwa hai, na jioni akirudi nyumbani amkute mumewe. Shimo lilelile likifunguka leo, na yeye akija mbio vilevile, nitamkalia tena.

Niliyoyaona na niliyoyafanya yameishia hapo. Nimesomewa yote kwa sauti, nimesahihisha sehemu moja ambapo palikuwa pameandikwa "takataka" pakawa "mabaki", na ninatia saini kwa hiari yangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatamka, na amekiri kuwa ni sahihi. Nimeona alama za kung'atwa kwenye mkono wake wa kulia. Maelezo yake yanalingana na ya mwendesha kijiko na ya dereva wa tangi. Nimeagiza mwendesha kijiko aruhusiwe kuingia yadini leo mchana, akiwa na askari mmoja, ili arudishe feni.

Mlalamikaji amefika kituoni shahidi akiwa bado anatia saini. Nilimweleza kwamba anaweza kuongeza au kufuta maelezo yake. Alisema hafuti, ila anaongeza. Nimeandika alichoongeza kama alivyosema: "Aliposema ataniachia, angeweza asiniachie. Aliniamini nishike bomba. Hilo sikulitaja Ijumaa." Nilipomuuliza kama ana lingine, alisema hana, isipokuwa anataka kujua kama wifi yake ameshamaliza, kwa sababu saa ya kuona wagonjwa inakaribia na mgonjwa anawauliza wote wawili.

Waliondoka kituoni kwa miguu, pamoja.

Saini ya afisa: (imetiwa)